Kiuno kinachouma, usingizi unaokimbia: maswali yenu kuhusu yoga

SWALI: Mimi ni fundi cherehani, nakaa mashineni tangu asubuhi hadi magharibi. Kiuno kinaniuma mwaka wa pili sasa. Hospitali walinipiga picha, wakasema mifupa haina shida, nifanye mazoezi. Nilijaribu yoga kwa kuinama nishike vidole vya miguu. Kesho yake nikashindwa kuinuka kitandani. Nilikosea wapi?
Fundi, Morogoro

JIBU: Pole sana, fundi. Ulianza na zoezi ambalo mtu wa kukaa kutwa anapaswa kulifikia mwishoni. Misuli ya nyuma ya mapaja yako imekaza, nayo imeshikamana na mifupa ya makalio. Ukiinama miguu ikiwa imenyooka, misuli hiyo inaizuia nyonga isigeuke, basi mpindo wote unaziangukia pingili za chini za mgongo.

Anza na paka. Piga magoti juu ya kanga iliyokunjwa mara nne, viganja sakafuni chini ya mabega, magoti chini ya nyonga. Vuta hewa puani huku tumbo likishuka na kifua kikifunguka mbele. Toa hewa huku ukiupandisha mgongo juu kama paka anayejinyoosha, kidevu kikiingia kifuani. Mwendo uanzie kwenye kitako, upande pingili kwa pingili, kichwa kije mwisho. Wengi hukosea hapa: hutikisa shingo na kukunja viwiko, kiuno chenyewe kimetulia tu. Rudia mara 8 hadi 10, na pumzi ndiyo iongoze mwendo.

Kisha kalia visigino, ujikunje mbele hadi paji la uso liguse sakafu, ukae hapo kwa pumzi 10. Kama kitako hakifiki visiginoni, weka mto katikati.

Mwisho lala chali, pitisha kanga kwenye unyayo mmoja, uinue mguu huo goti likiwa limelegea kidogo. Sekunde 30 kila mguu, mara mbili. Ukisikia unavutika nyuma ya paja, katikati yake, uko sawa. Ukisikia mvuto nyuma ya goti, au kama umeme unaoshuka mguuni, punguza mara moja.

Ni dakika chache tu. Fanya kila siku ukifunga kazi, na ujipe miezi miwili au mitatu. Usidhani ni maneno ya mtaani: mwaka 2017 chama cha madaktari wa Marekani, American College of Physicians, kiliitaja yoga miongoni mwa tiba za kujaribiwa kabla ya dawa kwa maumivu ya kiuno yaliyozidi wiki 12. Lakini ukipata ganzi, mguu ukikosa nguvu, au ukishindwa kuzuia mkojo, acha mazoezi urudi hospitali siku hiyo hiyo.

SWALI: Nikilala tu mawazo yanaanza: ada ya shule, kodi ya nyumba. Je, yoga inafika akilini au ni ya viungo tu?
Mama wa watoto wawili, Nairobi

JIBU: Inafika, mama, na mlango wake ni pumzi. Weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono. Moyo huenda mbio kidogo unapovuta hewa na kupunguza mwendo unapoitoa. Kwa hiyo ukirefusha kutoa, unaupa mwili ishara ya kutulia.

Lala chali, makalio karibu na ukuta, miguu imeegemezwa juu. Vuta hewa puani ukihesabu 4, toa ukihesabu 6, kwa dakika 5. Pumzi iwe ndogo na laini. Anayejaza kifua kwa nguvu hutoa kaboni dayoksaidi kupita kiasi, kisha hupata kizunguzungu na vidole kuchomachoma kama vyenye ganzi, akadhani zoezi limemdhuru. Mawazo ya ada yatarudi katikati ya hesabu. Usipigane nayo, anza tena na moja. Kule kurudi ndiko zoezi lenyewe.

SWALI: Yoga si ibada ya watu wengine?
Msomaji, Tanga

JIBU: Asili yake ni India, na huko imefungamana na dini tangu kale. Miendo tuliyoieleza hapa ni ya viungo na pumzi, haina dua ndani yake. Baadhi ya madarasa huimba maneno ya Kisanskrit, basi muulize mwalimu kabla ya kulipa. Kinachobaki ni dhamiri yako, na tunaiheshimu.

SWALI: Presha yangu ni 160/100 na natumia vidonge. Naweza kusimama kwa kichwa? Na vidonge niache?
Mstaafu, Mombasa

JIBU: Vidonge usiache hata siku moja, mzee wetu, yoga inasaidiana na dawa, haichukui nafasi yake. Kusimama kwa kichwa usijaribu, na mwenye presha ya macho vilevile. Pumzi za 4 na 6 fanya ukiwa umekaa kwenye kiti, bila kuibana hewa kifuani. Ukijikunja mbele, paji la uso liegemee mito miwili ili kichwa kisishuke chini ya moyo. Ukiinuka, kaa kwanza kwa pumzi tatu ndipo usimame, maana baadhi ya dawa za presha huleta kizunguzungu mtu anaposimama ghafla.