Bakteria rafiki wataliponya shamba langu la mpunga?

SWALI: Mhariri, nalima ekari mbili za mpunga wa SARO 5 katika bonde la Ruvu. Msimu uliopita majani yalitoka madoa yenye umbo la jicho, katikati kijivu na kingoni kahawia, na mpunga ulipochanua shingo za masuke zikakauka, nikavuna mapepe, punje tupu. Muuza pembejeo mmoja wa Kariakoo ananishauri ninunue unga wa bakteria. Je, si bakteria hao hao wanaoleta magonjwa?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Ndugu msomaji, kwa macho hayo na shingo hizo nashuku ugonjwa wa blasti, ambao huletwa na kuvu, wala si bakteria. Vijimbegu vyake huchukuliwa na upepo, vikaota juu ya jani lililolowa umande, kisha kila kimoja huunda kijifuko chenye msukumo mkubwa kinachotoboa ngozi ya jani.

Bakteria wa jamii za Pseudomonas na Bacillus, ambao wengi wao wanaishi udongoni bila kumdhuru mtu, huweza kumkwamisha kuvu huyo hapo hapo. Baadhi hutoa kemikali zinazomdumaza. Wengine hukaa mizizini tu na kuuamsha mmea ujihami, hata jani ambalo hawajaligusa likapata kinga. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, walieleza habari za bakteria aliyetolewa kwenye mizizi ya mpunga wa California, ambaye alizuia takriban asilimia 90 ya vijifuko hivyo visiundwe. Hayo yalikuwa ya maabara. Shambani, kwenye jua, mafuriko na udongo wa kila namna, usitarajie kiwango hicho.

Muuzaji wako basi hakukosea, ila hakukueleza kwamba bakteria hutangulia ugonjwa, hawaufuati. Jani lenye jicho haliponi tena. Mbegu hupakwa unga kabla ya kwenda kitaluni (nchini India kipimo kilichozoeleka ni gramu 10 kwa kilo moja ya mbegu), au mizizi ya miche huchovywa siku ya kupandikiza. Maji ya bomba yenye klorini huwaua bakteria hao, kwa hiyo kuuchanganya unga tumia ya kisima, au acha ndoo wazi usiku kucha. Usiuchanganye unga huo na dawa ya shaba, na kama ni kunyunyizia majani, ngoja jioni.

Kabla ya kulipa, tafuta kwenye lebo namba ya usajili wa TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania), jina la bakteria na tarehe ya mwisho wa matumizi. Unga uliofungwa upya kwenye mfuko wa nailoni usio na maandishi, mimi nisingeuchukua hata kwa bei ya chumvi.

Hukutaja mbolea, nami ndipo ninapokutilia shaka. Yurea ikimwagwa yote kwa mkupuo mmoja, jani hunenepa na kulainika, nayo blasti hulipenda jani la namna hiyo. Igawe mara mbili au tatu. Mabua ya msimu uliopita yaondoe shambani, kwa kuwa kuvu hujihifadhi humo, na mpunga uliovuna humo usiufanye mbegu.