Umanjano wa unga si haidrojeni

SWALI: Nimetia naitrojeni kwenye titani dioksaidi, unga mweupe unaotumia mwanga kupasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni, ili ipate kutumia mwanga unaoonekana. Unga umegeuka njano na unafyonza mwanga hadi nanomita 500, ila haidrojeni ni kidogo kuliko ya ule mweupe. Nikiongeza methanoli, gesi inatoka kwa wingi. Je, nizidishe naitrojeni?

JIBU: Usizidishe. Umanjano unakuambia tu kwamba mwanga umeingia. Elektroni zimeishia wapi, haukuambii. Naitrojeni inapokalia nafasi ya oksijeni haina chaji sawa nayo, hivyo fuwele hufidia kwa kupoteza oksijeni nyingine. Kwenye mapengo hayo elektroni zilizorushwa na mwanga na matundu chanya (nafasi zinazoachwa na elektroni hizo) hukutana na kumalizana kabla ya kufika kwenye maji. Punguza naitrojeni, kisha jaribu kusawazisha chaji kwa metali ya niobi kidogo.

Mwaka 2020 watafiti wa Japani walitumia strontiamu titaneti yenye alumini, unga unaotumia miale ya urujuanimno tu. Hawakuhangaika na rangi. Waliondoa kasoro za fuwele, wakaweka metali za rodi (rhodium) na kromi kwenye nyuso zinakokimbilia elektroni, na kobalti kwenye nyuso za matundu. Kwenye nanomita 350 hadi 360, takriban fotoni zote zilifanya kazi ya kupasua maji. Huo ndio uboreshaji.

Sasa hiyo methanoli. Kila mwezi naletewa matokeo ya namna hii yameandikwa "kupasua maji", na kila mara nayarudisha. Methanoli inayameza matundu, kwa hiyo ile kazi ngumu, ya kutoa oksijeni, haifanyiki kabisa. Isitoshe, sehemu ya haidrojeni hiyo inaweza kuwa imetoka kwenye methanoli yenyewe. Kama jaribio la kupima upande wa haidrojeni pekee, sawa. Kuliita kupasua maji ni kumdanganya msomaji, na wapo wanaoombea fedha na kutangaza "mafuta kutoka majini" kwa msingi huohuo. Anayekuonyesha mapovu bila kipimo cha oksijeni, usimwamini, hata awe na maabara ya fahari kiasi gani.

Rudia kwa maji matupu. Ukiniandikia tena, niletee haidrojeni na oksijeni kwenye grafu moja, mbili kwa moja, kwa saa nyingi mfululizo, pamoja na kipimo cha chupa iliyokaa gizani.