Gundi ya stika kwenye santuri

Ndugu yangu, hizo santuri za muziki wa benga ulizonunua soko la Kibuye hapa Kisumu, ukitaka kutoa stika na gundi yake, usizikwaruze kwa kisu wala kucha. Stika ya bei iliyo kwenye jalada ipashe kwa draya ya nywele, moto mdogo, kisha inua pembe polepole; ikikataa, pasha tena. Mafuta ya kupikia hapo hapana, karatasi itabaki na doa.

Gundi iliyo kwenye santuri yenyewe usiipelekee draya, maana vinaili, plastiki ya santuri, hupinda kwa joto. Tumia sabuni ya vyombo, maji vuguvugu na kitambaa laini, ukifuata mzunguko wa mifereji, lebo ibaki kavu. Thina usijaribu kabisa. Na zile nzito za kasi ya mizunguko 78 kwa dakika, zinazovunjika kama sahani, zikinge na spiriti pia: ni za shelaki, aina ya utomvu mgumu, na spiriti huuyeyusha.