Mbona Mirihi haina bahari?

Dada, umeuliza mbona Mirihi haina bahari ilhali wengi huihesabu ukingoni mwa ule ukanda wa Jua unaofaa uhai, yaani umbali usio na joto wala baridi ya kupita kiasi kwa maji. Umbali na nyota peke yake hautoshi, hewa nayo ina kazi yake. Maji hutaka kukandamizwa na hewa ndipo yabaki majimaji. Huku kwetu Mombasa, usawa wa bahari, maji ya chai huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi, mita 1,700 hivi juu, hewa hukandamiza kidogo zaidi, nayo huchemka kwenye 94 au 95. Sasa Mirihi mgandamizo wa hewa haufiki hata asilimia 1 ya wetu! Barafu ikipata joto kule, mara nyingi hugeuka mvuke moja kwa moja. Zamani ilikuwa na hewa nzito zaidi, na mabonde ya mito iliyokauka yaonekana hadi leo, picha zake hunisisimua mno. Sayari ya Zuhura nayo ina hewa ya kupita kiasi inayonasa joto, hadi nyuzi 460 hivi.

Ila usiuone ukanda huo kama ukuta. Europa, mwezi wa sayari ya Mshtarii, uko mbali nje yake, na dalili zaonyesha una bahari chini ya barafu, ikipashwa joto na mvutano wa Mshtarii.