Karela, uwatu na vidonge vya sukari: kabla hujachanganya

Hapa Amu, mji wa kisiwani Lamu, ukishajulikana una sukari, kila unayekutana naye Langoni ana dawa yake. Huyu majani ya mwarobaini, yule kokwa za zambarau zilizosagwa, na muuza chupa isiyo na jina anakwambia unywe siku arubaini, kisha vidonge ukavitupe baharini. Nimemuuguza shangazi yangu miaka mingi, na mengi ya hayo yamepita jikoni kwetu.

Simcheki mtu wa mitishamba. Metformini yenyewe, kidonge cha sukari, ina asili katika mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne ndiye aliyeandika habari za kuwatibu nayo wagonjwa wa kisukari. Ila kilichomo ndani ya mmea ule kilikuwa na sumu. Ikabidi watengeneze dawa ya jamii hiyo isiyo na ukali ule, wajue na kiasi cha kumeza. Gilasi ya jirani haina kiasi.

Karela, lile tunda chungu lenye manundu, nimeiona kazi yake. Shangazi alikuwa akimeza glibenklamaidi asubuhi, kidonge kinachoisukuma kongosho itoe insulini, umekula hujala. Akasagiwa karela mbichi, akainywa yote, na chamcha akala kidogo tu. Alasiri nikamkuta barazani leso imeloa jasho, mikono yamtetemeka, namuuliza hili ananijibu lile. Kumtoboa kidole: 2.8 (kwa kipimo cha mmol/L). Chini ya 4 kwa mtu wa vidonge hivi ni hatari. Nikamkorogea vijiko vitatu vya sukari kwa maji, nikangoja dakika kumi na tano, nikapima tena. Ilipopanda nikampa mkate, kisha tukaenda hospitali, maana glibenklamaidi hukaa mwilini muda mrefu na sukari huweza kushuka tena. Angekuwa amezimia nisingemtia kitu mdomoni. Angebebwa hivyo hivyo, hata kwa mkokoteni. Na si kisa cha Amu peke yake: tangu 1979 jarida la kitabibu The Lancet lilionya juu ya karela kuliwa pamoja na klopropamaidi, kidonge cha jamii hiyo hiyo.

Uwatu, zile mbegu chungu, ni mpole zaidi. Ute wake huichelewesha sukari ya chakula kuingia damuni, kwa hivyo ukiulowesha usiku ukaula na mlo, husaidia kidogo. Kidogo, nasema. Wali wa nazi na halua juu yake uwatu hauviwezi. Usiumeze pamoja na vidonge, kwani ute huo huweza kuvichelewesha navyo. Mwenye mimba na anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, wamuulize daktari kwanza. Mdalasini wa chai hauna neno, ila kuulamba kwa vijiko kila siku, hasa ule wa maganda mazito, kunaweza kuliumiza ini.

Ukitaka kujaribu mmea, jaribu mmoja, vidonge usivipunguze wala usiviache, pima kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, uandike. Daktari mpelekee daftari na majani yenyewe. Wengi wetu twaficha tukiogopa kugombezwa, naye akiona sukari imeshuka adhani ni dozi yake. Chupa ambayo muuzaji hataki kusema ndani mna nini, mwachie mwenyewe. Zimewahi kukutwa nyingine zimetiwa glibenklamaidi kisirisiri.

Mtoto anayeishi kwa sindano ya insulini hayumo kabisa katika mazungumzo haya. Asiachishwe kwa mmea wowote. Bila insulini damu hujaa asidi, na hiyo huua kwa siku chache.

Ramadhani mitishamba ya daku naiondoa yote, maana njaa ya mchana na vidonge vyatosha kuishusha sukari. Kutoboa kidole hakufunguzi. Ikiwa chini ya 3.9 au ikipita 16.6, mgonjwa afungue papo hapo, hata magharibi ikiwa imekaribia. Shangazi hubisha kila mwaka kwamba imebaki nusu saa tu. Namwambia siku ya kulipa ipo, namshikisha tende.