Rangi Iliyotoroka Mstari: Majibu kwa Wasomaji

Wiki iliyopita nilizungumzia Cirque, kitabu cha picha za sarakasi cha Mfaransa Fernand Léger, kilichotolewa Paris na mchapishaji Tériade mwaka 1950. Maswali yamekuja.

Shikamoo mwalimu. Katika ile picha ya Cirque rangi imetoka nje ya mstari. Mwanangu wa darasa la pili akifanya hivyo anapigwa mkasi, alama ya kukosa. Mzee huyu anasifiwa nini? (Mama, Makole)

Marahaba, mama. Yale ni makusudi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Léger alikimbilia Marekani. Usiku, pale Broadway, New York, alikuwa akiongea na mtu, mara uso wa mwenzake ukawa wa buluu. Taa za matangazo zikabadilika, na uso nao ukabadilika. Akaona kumbe rangi yaweza kwenda zake bila kungoja umbo. Simama jioni mbele ya duka lenye taa za kubadilikabadilika karibu na Nyerere Square hapa Dodoma, umtazame muuza karanga: kilemba, sinia, vidole vinavyokunja karatasi, vyote buluu, kufumba na kufumbua, vyote vyekundu. Muuza karanga ni yuleyule. Kwa Léger, yeye ndiye mstari mweusi, na taa ndiyo rangi. (Shuleni mtoto amfuate mwalimu wake, nisije nikaitwa.)

Picha hizo zimechorwa kwa mkono au mashine? (Mpwapwa)

Vyote viwili. Hiyo ni lithografia: unachora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa, unalilowanisha, unapitisha wino. Wino hushika penye mafuta, hukataa penye maji, kisha mashine hukandamiza karatasi juu ya jiwe. Kwa kawaida kila rangi ina jiwe lake. Hata maneno ya kitabu ni mwandiko wa Léger mwenyewe.

Mchoraji mzima anahangaika na sarakasi na baiskeli? Hakuna mambo ya maana? (Kondoa)

Ndugu yangu, mapumziko si jambo la maana? Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1936 iliwapa wafanyakazi wiki mbili za likizo yenye malipo. Léger alikuwa upande wao, akawachora wakiwa na baiskeli zao. Katika sarakasi alipenda maumbo ya duara. Nawe ukikaa kuwatazama akina mama wa Kigogo wakipiga ngoma ya muheme, hutaki kuuliza faida yake.

Nitundikeje mchoro wa karatasi na vumbi hili letu? (Chamwino)

Fremu yenye kioo kisichogusa karatasi, ukuta usiopigwa jua. Selotepu usithubutu: mchoro wangu mmoja wa penseli leo una madoa ya kahawia kona zote nne, utadhani nimemwagia chai.