Si lazima aanguke: maswali yenu kuhusu kifafa na degedege

Barua za safari hii zinafanana. Mtu kabadilika ghafla, baada ya muda mfupi karudi sawa, na waliokuwepo wanabaki wakiulizana wameona nini. Nimechagua sita.

Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka 7. Mwalimu analalamika kwamba anaduwaa darasani, akiitwa haitiki. Hata nyumbani hunyamaza katikati ya maneno, kisha akaendelea. Nimgombeze?

Marahaba, mama. Usimgombeze. Hayo ya kunyamaza katikati ya maneno ndiyo yaliyonishtua. Mtoto anayewaza mambo yake huanza kwa kuchoshwa, macho yanahama taratibu, na ukimgusa bega anarudi. Mwenye kifafa cha kuduwaa hukatika kama redio iliyozimwa. Kijiko kimefika nusu ya njia kwenda mdomoni, kinasimama hapo hapo. Macho yamekaza, kope zinapepesa, pengine midomo inachezacheza. Sekunde kumi hivi, mara chache zaidi ya ishirini, halafu kijiko kinaendelea na safari yake. Hakuanguka, hakusinzia, wala hajui kuna kilichompita. Yanaweza kumjia mara nyingi kwa siku moja, kwa hiyo anapoteza vipande vya somo na kuambulia jina la mvivu.

Kliniki tuna ujanja wa zamani: tunamwambia mtoto avute na kutoa pumzi kwa nguvu kwa dakika tatu hivi, na mara nyingi hali hiyo hujitokeza mbele yetu. Hilo tuachie sisi. Kazi yako ni kumrekodi kwa simu siku yatakapomtokea na kuja na hiyo video.

Usiku mume wangu alipiga ukelele mmoja, akakakamaa, akatupa mikono na miguu. Asubuhi hakumbuki kitu na anasema nimeota. Nani mkweli?

Wewe. Ukelele ule si wa maumivu wala wa ndoto mbaya. Misuli ya kifua hujikaza kwa mpigo mmoja na hewa ikatoka kwa nguvu kooni. Kisha mwili wote unakuwa mgumu kama ubao kwa sekunde kadhaa, macho yako wazi yamegeukia juu, midomo inaanza kuwa ya bluu. Ndipo mtukutiko unapoanza: mikono na miguu inaruka kwa mapigo, mwanzoni ya haraka, mwishoni yenye nafasi kati yake, hadi yanakoma. Kwa kawaida yote hayo ni dakika moja hadi tatu, ingawa anayetazama ataapa kwamba ilikuwa nusu saa. Baadaye mtu hukoroma na kulala, na akiamshwa anaongea ovyo.

Kama bado anabisha, mwambie atoe ulimi. Jeraha la pembeni mwa ulimi, shuka lililolowa mkojo na misuli inayouma kama ya mtu aliyebeba mizigo kutwa nzima vina ushahidi kuliko kumbukumbu yake. Anayelala peke yake hana shahidi mwingine zaidi ya hivyo.

Tukio la kwanza kwa mtu mzima halisubiri la pili, aende akapimwe. Huenda ni sukari iliyoshuka, pombe iliyoachwa ghafla au jeraha la kichwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi mtu 1 kati ya 10 hupata tukio kama hilo angalau mara moja maishani, na wengi wao hawana kifafa. Kifafa tunakisema pale matukio yanapojirudia bila sababu ya papo hapo.

Nilizirai nikitolewa damu. Muuguzi anasema nilitikisika kidogo. Nimepata kifafa?

Sidhani. Anayezirai huonywa: kijasho chembamba, kichefuchefu, macho kuingia giza, uso kupauka. Akishalala chini anaweza kurusha mikono mara mbili tatu, na ndani ya nusu dakika anauliza "nimefanyaje?" huku akijua yuko wapi. Wa kifafa hubaki amechanganyikiwa kwa dakika nyingi. Lakini kama ulizirai ukikimbia, au moyo ulikwenda mbio kabla ya kuanguka, kamwone daktari upesi. Hapo anayeshukiwa ni moyo.

Mara kwa mara nasikia harufu ya kitu kinachoungua ambayo wenzangu hawaisikii, tumbo linapanda hadi kooni, kisha napotea kidogo. Vipimo vyote safi. Ndugu zangu wanasema ni mapepo.

Si mapepo. Kifafa kinaweza kuwaka kwenye kona moja tu ya ubongo, na dalili inategemea kona ipi. Ikiwa ni sehemu ya pembeni, karibu na sikio, huja harufu isiyokuwepo, hofu isiyo na sababu, au hisia kwamba jambo hili limeshakutokea. Wenzako waangalie ukiwa "umepotea": je, unatafunatafuna bila chakula, unavutavuta vifungo vya shati?

Na hivyo "vipimo safi" visikukatishe tamaa. Daktari Mjerumani Hans Berger alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, na mpaka leo kipimo hicho kina udhaifu ule ule: kinaona yanayotokea wakati umevalishwa nyaya. Kati ya tukio na tukio kinaweza kutoka safi kabisa kwa mtu mwenye kifafa. Ndiyo maana nang'ang'ania mashahidi.

Mwanangu wa mwaka mmoja na nusu alipata degedege homa ilipopanda. Ndiyo atakuwa na kifafa ukubwani?

Uwezekano mkubwa, hapana. Degedege la homa hushika watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, na wengi huliacha wanapokua. Wasiwasi wangu uko kwenye homa yenyewe, maana malaria na homa ya uti wa mgongo nazo huja na degedege. Shingo ikikaza, asiponyonya, akilegea na kushindwa kuamka vizuri, twende hospitali saa hiyo hiyo. Usimtumbukize kwenye maji ya baridi.

Mtu akianza kutupatupa mbele yangu, nimwekee kijiko mdomoni asimeze ulimi?

Hapana. Ulimi haumezeki. Nimeona meno yaliyovunjwa na vijiko vya watu wema. Usimbane mikono pia. Ondoa vitu vigumu karibu naye, weka nguo chini ya kichwa, legeza kola, mgeuze ubavu mtukutiko ukipungua ili mate yatoke. Na kabla ya yote hayo, tazama saa. Zikipita dakika 5 bila kukoma, au akianza tena kabla hajazinduka, ita gari la wagonjwa. Mjamzito usimsubirie hata hizo dakika 5: huenda ni kifafa cha mimba, ambacho pamoja na jina lake ni ugonjwa wa shinikizo la damu, na kinaweza kumpata hata siku chache baada ya kujifungua.